Jinsi ya kutengeneza kigari kinachojiendesha hapa hapa Kigoma, na kuielewa biashara ya yale makubwa

Kila nikikiweka kile kigari chini pale kiwanjani Katubuka watu wanajaa, na swali la kwanza huwa ni lile lile, rimoti anayo nani. Nikiwaonyesha mikono mitupu wanaanza kuchungulia nyuma ya ukuta kama kuna mtu kajificha. Hamna mtu. Kigari kina kamera moja mbele, kikompyuta kidogo mgongoni, na kinafuata njia ya chokaa chenyewe kwa sababu mpwa wangu alikaa siku tatu anakifundisha kwa kukiendesha. Naandika hii ili yeyote mwenye hamu, awe Kigoma mjini, Kasulu, Uvinza, Tabora, kokote kule, afike nilipofika bila kupoteza miezi niliyopoteza mimi, maana vitu vingi niliviharibu kwa kukosa tu mtu wa kuniambia.

Na hiki sio kitu cha kuchezea watoto. Kanuni inayokiendesha ndo ile ile iliyoendesha magari ya kweli ya mwanzo, na makosa utakayoyaona kiwanjani ndo yaliyomaliza mabilioni ya dola huko Marekani, kwahiyo ukishakimaliza utakuwa unasoma habari za hayo magari na unaelewa nani anaongea ukweli.

Kabla hujatoa hela, elewa linafikirije

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuigawa kazi ya dereva vipande vipande: kuona, kujua uko wapi kwenye ramani, kukisia huyu wa mbele atafanya nini, kupanga pa kupita, halafu mwisho kabisa ndo usukani na breki. Waymo, ile kampuni ya teksi zisizo na dereva iliyotoka Google, ndo walikokulia huko, magari yao yana kamera, rada, na laida, ambayo ni kifaa kinachorusha miale ya leza pande zote na kupima inachukua muda gani kurudi, hivyo linajua kila kitu kiko umbali gani hata gizani. Njia ya pili ni fupi: unaupa mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa kuona mifano mingi, picha, wenyewe unatoa jibu la usukani, basi. Dean Pomerleau alifanya hivyo mwaka 1989 pale chuo kikuu cha Carnegie Mellon, gari lake ALVINN lilikuwa linaangalia barabara kwa picha ya pikseli 30 kwa 32, yaani picha ndogo kuliko ikoni ya apu kwenye simu yako, na lilikata kona. Mwaka 2016 NVIDIA, kampuni ya chipu za kompyuta, wakaja na kitu cha aina hiyo hiyo kwa kutumia masaa 72 hivi ya kuendesha, gari likaenda kwenye barabara za kawaida. Sisi tunaenda na hii ya pili kwa sababu kamera moja inatosha na hesabu zake zinabebeka.

Ukikata tamaa njiani kumbuka kilichotokea jangwa la Mojave. Mwaka 2004 jeshi la Marekani kupitia DARPA, shirika lake la utafiti, liliweka dola milioni 1 kwa gari litakalojiendesha na kumaliza njia ya kama kilomita 229. Yaliingia 15 na halikumaliza hata moja, lililofika mbali zaidi lilikwama kwenye kilomita ya 12 hivi. Mwaka uliofuata, 2005, yalimaliza matano, na la kwanza likawa Stanley la Stanford, kilomita 212 kwa masaa karibu 7, timu ya Sebastian Thrun, huyo huyo ambaye mwaka 2009 alianza mradi wa Google uliokuja kuwa Waymo. Kilichobadilika zaidi katikati ya hiyo miaka miwili ni softiweya, jangwa lilikuwa ni lile lile.

Kingine ni ngazi za gari kujiendesha. Wenye fani wanahesabu 0 mpaka 5. Ngazi ya 2 gari linashika usukani na mafuta lakini we ndo dereva, macho mbele muda wote. Ya 3 unaweza kuangalia pembeni ila likikuita urudi, Mercedes waliruhusiwa hiyo Ujerumani mwishoni mwa 2021, kwenye barabara kuu tu na mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Ya 4 hakuna dereva kabisa ila ni ndani ya eneo fulani. Ya 5 ni popote pale, hali yoyote, na hiyo bado hakuna anayeiuza. Shika hizo namba, tutazirudia.

Vifaa, na hapa usikimbilie bei

Kosa langu la kwanza lilikuwa gari lenyewe. Nilinunua lile la watoto la dukani, lina taa na king'ora, kumbe usukani wake una mambo matatu tu, kushoto kote, kulia kote, au katikati. Kukata kidogo haliwezi. Sasa kompyuta ikitaka kukata nyuzi tano itafanyaje? Unataka gari la rimoti lenye sevo mota ya usukani, yaani mota inayogeuka kiasi kile kile ulichoiambia, na kidhibiti spidi kinachojitegemea. Namna ya kulitambua ni kufungua kofia na kuangalia mota ya usukani: ikiwa na nyaya tatu zinazoishia kwenye kiplagi kidogo kinachochomoka, hilo ndo lenyewe. Ukikuta nyaya mbili, au tano, zimeenda kuchomelewa kwenye kibao kimoja cha umeme pamoja na kila kitu, liache hata kama muuzaji anapunguza bei.

Cha pili ni kile kikompyuta, Raspberry Pi 4, ya RAM ya GB 2 inatosha. Halafu kamera yake, chukua ile inayoona kwa upana, kibao cha PCA9685 cha kuamrisha sevo, memori kadi ya GB 32, na pawabenki. Pawabenki soma maandishi mgongoni, hiyo Pi inataka volti 5 na ampea 3, ukiipa ampea 1 itakuwa inazima na kujiwasha kila gari likiondoka kwa nguvu na utadhani programu ina tatizo, mi nilifuta na kuweka upya mara nne kabla sijabadilisha pawabenki. Vitu hivi Kigoma kuvipata dukani ni ngumu, unaagiza Dar vinakuja na basi, mwambie muuzaji azungushie kamera kitu kigumu maana ule utepe wake unavunjika.

Kama hela haijapatikana usikae tu. Mradi wa Donkey Car, ambao ndo programu tutakayotumia, ni wa bure na una simulata, yaani unaendesha gari kwenye laptopu kama gemu na linajifunza vile vile. Mpwa wangu alianzia huko akiwa anasubiri mzigo.

Kufunga sina mengi. Ubao mwembamba juu ya chesisi, Pi na PCA9685 juu yake, sevo inaingia chaneli moja, kidhibiti spidi chaneli nyingine. Ila kamera ndo uihangaikie. Iwe juu kidogo kama urefu wa kiganja kilichofunguliwa, iangalie chini kiasi, ukifungua picha uone ardhi zaidi ya mawingu, na ifungwe kwa skrubu mbili sio gundi. Ukishaanza kufundisha halafu kamera ikasogea hata upana wa kidole, kila ilichojifunza kinakuwa hakifanani tena na inachokiona. Piga alama ya kalamu pale ilipokaa.

Programu pakua usiku kwa bando la usiku, ni nzito.

Njia ya chokaa

Huku udongo wetu mwekundu umekuwa bahati, chokaa nyeupe inaonekana vizuri mno. Tulichora kama wanavyochora kiwanja cha mpira, kopo lililotobolewa chini, laini mbili zenye upana wa kama futi mbili na nusu katikati, zimezunguka kiwanja zikiwa na kona kali moja, kona pole mbili na sehemu ndefu iliyonyooka. Usichore duara tupu, litajifunza kukata upande mmoja tu. Kiangazi upepo wa ziwani unapeperusha vumbi juu ya chokaa kwahiyo kila asubuhi pitia upya, na usitumie majivu, yanafifia mapema.

Kuendesha ndo kufundisha

Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo nataka utulie. Unawasha Donkey Car, unaunganisha pedi ya gemu au simu kupitia hotspoti, unaendesha. Kila sekunde inapiga picha 20, ndogo, pikseli 160 kwa 120, na kila picha inaandikiwa wakati ule usukani ulikatwa kiasi gani na mafuta kiasi gani. Dakika kumi ni picha 12,000. Hizo picha na hizo namba ndo mwalimu, hakuna mwalimu mwingine, haitajua chochote ambacho mkono wako haukukifanya.

Mpwa wangu ni dereva mzuri sana wa hivi vitu na hiyo ndo ikawa shida. Alizunguka mizunguko ishirini katikati kabisa ya njia, safi, hakugusa chokaa hata mara moja. Tukafundisha, tukaachia. Kigari kikaenda mita kama nane vizuri, kikapanda kijiwe, kikasogea nje kidogo, na kuanzia hapo kikawa hakijui kitu. Kikanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye mchicha wa bibi jirani. Kilikuwa hakijawahi kuona picha ya kuwa pembeni, kwahiyo hakikuwa na pa kujifunzia kurudi. Baadae nikaja kusoma kwamba Pomerleau alikutana na jambo hilo hilo miaka ile, akawa anazisogeza picha kwa kompyuta ili mtandao uone kama gari limetoka njiani, na NVIDIA wao wakafunga kamera tatu, ya kushoto na ya kulia zikawa kama gari lililokosea, wakaziandikia usukani wa kulirudisha.

We huna kamera tatu, fanya hivi. Zima kurekodi. Peleka gari mpaka kwenye chokaa ya kushoto, likae vibaya. Washa kurekodi, lirudishe katikati taratibu, zima tena. Rudia kulia, rudia kwenye kona, rudia mpaka uchoke, angalau robo ya picha zako zote ziwe za kurudi. Na hapo kwenye kuzima usisahau, ukirekodi na kule kutoka nje umelifundisha kutoka nje.

Somo la pili lilikuja na mwembe. Tulikuwa tunarekodi asubuhi tu kabla jua halijawa kali, na asubuhi kila kitu kilienda. Siku moja tukaonyesha watu saa kumi jioni, kivuli cha mwembe kimelala kimekatiza njia, kigari kilipofika pale kikauacha mstari wa chokaa na kuufuata ukingo wa kivuli kama vile ndo barabara. Kwa kamera kivuli ni mstari, tena umenyooka kuliko wetu. Toka siku hiyo tunarekodi saa mbili, saa sita, saa kumi, na siku ya mawingu, na picha zinaandikwa siku na saa. Ukishaona hivyo kwa macho yako utaelewa kwanini Waymo waliamua kuanza biashara Phoenix, mji wa jua, mvua chache, barabara pana zilizonyooka. Ni kupunguza mambo ambayo gari halijawahi kuyaona.

Kabla ya kufundisha pitia picha ufute mbovu, pale ulipojikwaa, pale mtoto alipobeba gari, pale mkono wako ulipoteleza. Programu ina sehemu ya kufanyia hiyo kazi. Inachosha lakini modeli yetu, yaani ule mtandao ukishafundishwa, ya picha 9,000 zilizosafishwa iliizidi ile ya 15,000 zilizotupwa tu humo.

Kuna ujanja wengi wanafundisha mtandaoni, wa kugeuza kila picha kama kwenye kioo na kugeuza usukani, unapata data mara mbili bure. Kwenye njia yetu ya chokaa unafaa. Ila kama unachora barabara ya njia mbili na unataka gari likae kushoto kama sheria yetu inavyosema, usiufanye kabisa, maana nusu ya picha zako zitakuwa zinalifundisha kukaa kulia. Hili sijaona mtu wa huko akilionya. Na ni jambo linalofika mpaka kwenye magari makubwa, data nyingi za bure zilizopo zimetoka Marekani na Ujerumani ambako wanaendesha kulia, atakayezileta hapa kama zilivyo ajiandae.

Kufundisha sasa

Laptopu ya kawaida itahangaika, tumia Google Colab, ni ya bure, unapakia picha zako na wao wanakuazima kompyuta yenye nguvu. Picha zetu 12,000 zilikuwa chini ya MB 100, bando haliumii. Asilimia 80 ya picha zinafundishia, 20 zinafichwa kwa ajili ya mtihani. Utaona namba mbili zinashuka, kosa la mafunzo na kosa la mtihani. Zikishuka pamoja ni vizuri. Ya mafunzo ikiendelea kushuka huku ya mtihani inaanza kupanda, simamisha, hapo modeli imeacha kuelewa imeanza kukariri, kama mwanafunzi aliyekariri mitihani iliyopita akaletewa swali jipya. Dawa yake ni picha zaidi za hali tofauti, kuongeza muda hakusaidii.

Ikiisha unapakua faili moja la modeli unaliweka kwenye Pi.

Kuachia, kwa hatua

Kwanza gari juu ya tofali, matairi hewani. Washa, mshikie karatasi nyeupe mbele ya kamera, isogeze kushoto na kulia, uone matairi ya mbele yanafuata. Ya pili, ligusishe chini lakini tumia ile hali ambayo modeli inashika usukani na we unashika mafuta. Hiyo hali usiiruke. Tembea nalo taratibu mizunguko mitano, ukiona linayumba unaachia tu. Ya tatu ndo unaliachia lote, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha.

Kuku wa bibi jirani akatufundisha kilichobaki. Siku hiyo kigari kimeshazunguka mara kumi na moja bila kosa, watu wanapiga makofi, kuku na vifaranga vyake wakaingia njiani. Kigari hakikupunguza mwendo. Hakikuwa na sababu ya kupunguza, kwenye picha zetu zote hakukuwahi kuwa na kuku, kwake yeye lile lilikuwa doa tu kati ya mistari miwili. Kifaranga kimoja kilikanyagwa mguu. Bibi hakusema kitu, alikiokota akakifunga na kitambaa, na mpwa wangu jioni ile hakutaka kugusa gari.

Kabla hujaona ni jambo dogo soma kilichotokea Tempe, Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la Uber, usiku, mama mmoja anavuka barabara anasukuma baiskeli. Wachunguzi wa ajali wa serikali, NTSB, walikuta mfumo ulimwona sekunde 5.6 kabla, muda wa kutosha kabisa kusimama, lakini ukawa unabadilisha jina lake, mara gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila ukibadilisha jina unasahau alikotokea kwahiyo hauwezi kukisia anakokwenda. Breki za dharura za gari lenyewe zilikuwa zimezimwa likiwa linajiendesha. Dereva wa kusimamia alikuwa anaangalia simu. Yule mama alifariki.

Kwahiyo kigari chako kiwekee breki isiyoitegemea modeli. Sensa ya HC-SR04, ile ya macho mawili inayopima umbali kwa sauti, mafundi wengi wanayo. Ifunge chini kabisa mbele, andika programu fupi ya Python, kitu kikiwa chini ya nusu mita mafuta yanakuwa sifuri, modeli iseme isemavyo. Angalia kitu kimoja: pini ya kurudisha sauti inatoa volti 5 na Pi inavumilia 3.3 tu, weka rezista mbili, ya kilo-omu 1 kati ya pini hiyo na pini ya Pi, na ya kilo-omu 2 kutoka pini ya Pi kwenda ground, ukiunga moja kwa moja unaunguza pini. Na ipime kwa vitu laini, ukuta yangu inauona vizuri tu, ila kitu chenye manyoya au nguo inakiona kwa kuchelewa, ndo maana nikapunguza spidi ya gari zima badala ya kuiamini sensa.

Pesa iko wapi

Nikishawaonyesha watu, wazee huwa wanauliza hii inauzwaje. Ni swali zuri, na majibu yake yamewatoa jasho wakubwa. Google walianza 2009, teksi ya kwanza ya kulipia ya Waymo ikatoka Phoenix Desemba 2018, na abiria wa kawaida wakaanza kupanda bila dereva kabisa Oktoba 2020. Miaka kumi na moja. Saivi mambo yanakwenda, mwaka 2025 walifika safari zaidi ya 250,000 za kulipia kwa wiki, San Francisco, Los Angeles, Phoenix na Austin, na China kuna Apollo Go ya Baidu mji wa Wuhan. Ila angalia waliobaki njiani. Argo AI, iliyokuwa na hela za Ford na Volkswagen, ilifungwa Oktoba 2022. Cruise ya General Motors ilimburuta mtu San Francisco Oktoba 2023 baada ya gari lingine kumgonga na kumrushia mbele yake, leseni ikasimamishwa mwezi huo huo, na Desemba 2024 GM wakaacha kabisa teksi baada ya kumwaga zaidi ya dola bilioni 10. Asilimia tisini ya kazi unaifikia mapema, kama sisi na mizunguko yetu kumi na moja. Hela inaliwa na kuku.

Nikisoma habari ya gari jipya najiuliza mambo matatu. Kiti cha dereva kina mtu? Tesla walipoanza teksi zao Austin Juni 2025 kulikuwa na msimamizi wa kampuni kakaa kiti cha abiria, na ile wanayouza kwa wenye magari bado ni ngazi ya 2, jina lake la Full Self-Driving, yaani kujiendesha kikamilifu, lisikudanganye. Linaenda wapi na haliendi wapi? Na likigonga, nani anabeba lawama, mwenye gari au mwenye programu? Habari isiyojibu hayo ni tangazo.

Kwa mtu wa huku mi naona mlango uko kwenye maeneo yaliyofungwa. Watu hawajui kwamba Komatsu walianza kuuza malori ya mgodini yasiyo na dereva mwaka 2008, Chile, miaka kumi kabla ya teksi ya Waymo, kwa sababu mgodini njia ni moja, mwenye eneo ni mmoja, na hakuna kuku. Kitoroli cha kubeba magunia ndani ya ghala, kigari cha kusogeza chumvi Uvinza ndani ya uzio, hivyo kijana aliyefuata hatua za juu anaweza kuanza kuvifikiria bila kusubiri barabara ya Lumumba iwe kama Phoenix.

Barabarani usikipeleke. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, inamjua dereva mwenye leseni, haijui modeli, na hata bila sheria umeshaona kilichompata kifaranga. Kupiga picha za watu nako kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, omba ruhusa, ziba sura na namba za magari.

Cha kufanya baada ya hapo

Ukimaliza kigari usikimbilie kuongeza spidi. Chukua daftari nenda pale Mwanga asubuhi moja, kaa upande wa barabara ya kwenda Ujiji, andika kila kinachopita. Mpwa wangu ukurasa wa kwanza tu ana: boda ya watu watatu na mkungu wa ndizi umevuka upana pande zote mbili, bajaji inarudi kinyumenyume, mama na beseni la dagaa kichwani anavuka anaangalia upande mmoja, baiskeli ina madumu manne ya mawese na mwenyewe hajapanda, anaisukuma, anatembea pembeni yake. Sasa chukua data ya bure ya Waymo waliyoitoa 2019, wao waliweka makundi manne, magari, watembea kwa miguu, waendesha baiskeli, na alama za barabarani. Yule mwenye madumu unamweka wapi?

Piga picha mia mbili za watu wa hivyo, kwa ruhusa yao, na mwanga tofauti, asubuhi na magharibi. Fungua CVAT, programu ya kuweka alama kwenye picha, ni ya bure, chora boksi moja linalomzunguka mtu na baiskeli yake pamoja na mzigo, na ulipe jina lake lenyewe, anayesukuma baiskeli. Usimgawe vipande viwili. Sisi tuna 140 mpaka sasa.